Bunduki Namba Nne

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekasirika. Naandika kwa mwandiko mzuri kwa sababu Mwalimu Ragna anasema hasira ikiandikwa vizuri hupungua. Haijapungua.

Sababu ni Tuva. Tuva ni binamu yangu, ana miaka kumi na minne kama mimi, ila ana mikono mirefu kama ngazi. Nyumba yao iko ng'ambo ya ua wetu. Leo asubuhi alinipungia mkono dirishani. Kwa furaha! Mtu anayejua kwamba Jumamosi tunashindana hapungi mkono namna hiyo.

Mambo yako hivi. Bibi Borghild ana karavani, ya zamani, yenye mapazia ya maua. Kila Agosti huivuta kwa gari mpaka kwenye mashindano ya shabaha ya nchi nzima na kukaa humo wiki moja. Kuna vitanda viwili. Kimoja chake. Cha pili, ametangaza, ni cha mjukuu atakayepiga vizuri zaidi Jumamosi hii. Mwaka jana alikwenda Tuva. Alirudi na kicheko fulani, yeye na Bibi, ambacho mtu akisema neno "meza" tu wanaanza, na hawanielezi. Mimi sijalala katika karavani ile hata usiku mmoja.

Kwa hiyo lazima nipate bunduki namba nne.

Chama chetu kina bunduki sita za kuwaazima watoto, zote za komeo: ukishapiga unavuta komeo kwa mkono, ganda linaruka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Alhamisi tunachagua, na ukichagua umechagua mpaka msimu uishe, isipokuwa mwenzako akubali kubadilishana. Namba nne ina kitako cha mbao ya mti wa jozi kinachong'aa kama ubavu wa farasi. Bingwa wa wilaya alianza nayo. Namba mbili, kwa mfano, imezungushwa utepe mweusi kama mguu uliovunjika.

Anayechagua kwanza ni mwenye saa nyingi za msaragambo. Ndiyo desturi yetu. Theluji ikianza kuondoka, wanachama wote huja uwanjani kupaka rangi, kufagia, kuosha, na Mzee Torleif, mtunza silaha, huandika saa za kila mtu kwenye karatasi iliyo juu ya birika la kahawa. Tuva ana kumi na moja. Mimi nina sita. Nilikuwa na mafua! Mafua ya kweli!

Nina siku tatu.

Jumanne, 23 Aprili

Mkakati wa kwanza: choo cha uwanjani. Hakuna anayetaka kukipaka rangi. Nilikwenda moja kwa moja kutoka shule, nikachukua ndoo ya rangi nyekundu, nikaanza na mlango. Nilipaka kwa bidii. Nilipaka hadi kwenye nyufa, kama tulivyofundishwa kwenye somo la ufundi.

Nilipomaliza, mlango ulianza kugonga. Kutokea ndani.

Mzee Torleif aliniuliza kupitia mbao kama nina kinyongo naye. Nilimwambia sina, ila asiusukume. Akausukuma. Akatoka na bega jekundu, na mkono, na sikio moja. Alisema amekaa mle ndani kimya akisoma gazeti, akisikia brashi, akidhani kuna mtu mwenye akili upande wa pili.

Aliniandikia saa nne. Kisha akafuta mbili, za kumwosha yeye. Sasa nina nane. Sikio bado jekundu.

Jambo la kuudhi zaidi: Tuva alipita kwa baiskeli, akasimama, akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Dada, hongera," akasema. "Umebakiza uso tu."

Jumatano, 24 Aprili

Mkakati wa pili ulikuwa wa akili zaidi, kwa hiyo umeniumiza zaidi.

Jumatano ni jioni ya vafler, zile keki za chuma cha moto zenye umbo la moyo. Zikikosekana, hakuna mtu mzima anayekuja uwanjani, hata wakisema wamekuja kwa ajili ya watoto. Anayepika hupata saa mbili. Zamu ilikuwa yangu na Tuva. Nikamwambia Tuva, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba upishi umesogezwa mpaka saa mbili usiku. Si uongo mkubwa. Niliusogeza mimi.

Nilipika peke yangu tangu saa kumi na moja. Niliunguza kumi na mbili za kwanza, kumi na moja zilizofuata zilikuwa nzuri sana, na mama mmoja wa kwaya akasema jamu ya stroberi inasaidia kuficha. Saa mbili kamili Tuva akaingia. Akakuta watu wanaondoka na masinki mawili yamejaa vyombo. Akakunja mikono ya sweta, akaosha kila kitu, akapiga deki, akakwangua unga mkavu kwenye chuma ambacho hakijakwanguliwa tangu mama yangu alipokuwa msichana.

Mzee Torleif alifurahi mpaka akamwandikia saa mbili vilevile. Kumi na tatu! Mimi kumi!

Nikiwa navaa viatu nilimsikia akimwambia Tuva kwamba watoto kama yeye wamebaki wachache. Nilifunga kamba kwa nguvu ikakatika.

Alhamisi, 25 Aprili

NIMESHINDA. Naandika kwa herufi kubwa ingawa Mwalimu Ragna hapendi.

Kuokota maganda ya risasi kwenye nyasi mbele ya mistari ya kupigia: ndoo moja, saa moja. Leo mchana nilitafuta nikapata maganda tisa, maana theluji imeondoka juzi tu na hakuna aliyepiga. Nikakaa nikafikiri. Nikakumbuka kwamba ghalani kuna ndoo nne za maganda ya mwaka jana, zinazongoja kuuzwa chuma chakavu.

Nilizimwaga zote nne kwenye nyasi. Kisha nikayaokota maganda yote.

Mgongo unaniuma kuliko nilivyowahi kuumwa. Lakini ni kazi! Niliinama! Mzee Torleif alichukua ganda moja, akaligeuza, lilikuwa limefanya kutu ya kijani. Akasema ajabu, haya yamezeeka haraka. Kisha akaandika nne, na kuniambia kwamba amewahi kuona watu wakikwepa msaragambo, lakini mtu wa kuufanya mara mbili hajapata kumwona.

Kumi na nne kwa kumi na tatu.

Kuchagua kulikuwa saa moja jioni. Mzee ana jaribio lake. Unafumba macho, unainua bunduki tupu mpaka begani, unatulia, unafumbua. Ukiona shabaha katikati ya tundu la kulengea bila kusogeza shingo, bunduki ni yako. Usipoona, si yako, hata iwe ya dhahabu. Hasahihishi mtu. Anasema bega halidanganyi.

Alinianzishia na namba mbili, ile ya utepe, eti kwa mazoezi tu. Nilifumba, nikainua, nikafumbua: shabaha ilikuwa palepale, katikati, imekaa inaningoja. Nikairudisha upesi.

Kisha namba nne. Nilifumba, nikainua, nikafumbua: niliona paa. Kitako ni kirefu. Nikaomba kurudia. Mara ya pili niliona taa. Mara ya tatu sikufumba sana. Niliacha upenyo mdogo, nikasogeza shingo kidogo, nikasema, "Inanikaa sawasawa."

Mzee Torleif aliniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Tuva akachukua namba mbili bila kinyongo, akapapasa ule utepe, akasema maskini, tutakuuguza.

Ni yangu! Nimeipangusa mara tatu kabla ya kuirudisha kabatini.

Ijumaa, 26 Aprili

Shingo imekaza upande. Kiwiko kimechubuka. Kwenye mazoezi, nikilala kifudifudi, kitako kinanisukuma nyuma na mtutu unaelekea kulia wenyewe, kama mbwa aliyenusa kitu.

Mzee Torleif alikuja akachuchumaa. Alisema vitako hivi vina vipande vya mbao ndani, vinaongezwa na kupunguzwa kwa bisibisi, dakika tano tu. Alikuwa ametoka kumwongezea Tuva viwili kwenye namba mbili kwa sababu ya mikono yake. Akauliza, je, anipunguzie mimi viwili?

Tuva alikuwa amelala mstari wa pili, masikio wazi.

Nikasema hapana, asante, imenikaa sawasawa.

"Mbona umelala kama kamba wa kuchemsha?" mzee akauliza.

Nikasema ndivyo ninavyolala. Tuva akaficha uso kwenye mkeka. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kesho nitamnyamazisha. Nimeweka soksi mbili kwenye begi, za kutilia chini ya kiwiko. Nimesali pia, kwa ufupi.

Jumamosi, 27 Aprili

Siwezi kuandika.

Naandika.

Bibi alikuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa, akakaa nyuma yetu, amevaa koti lake la shabaha lenye alama za miaka arobaini. Shabaha yangu na ya Tuva zilikuwa jirani, yake kulia kwangu. Tukapiga tumepiga magoti: sawa. Tukapiga tumesimama: sawa tena, pointi kwa pointi! Tuva alininong'oneza kwamba sijawahi kupiga hivi. Ni kweli.

Ikabaki duru ya mwisho. Kulala, risasi tano.

Nikafanya kila kitu nilichofundishwa. Soksi chini ya kiwiko. Pumua. Fumba macho, legea, usiilazimishe bunduki. Fumbua. Duara jeusi lilikuwa katikati ya tundu, safi, limetulia. Sikuuliza ni duara la nani. Nani huuliza?

Risasi tano. Komeo liliteleza kama limepakwa siagi. Sijawahi kupiga vizuri vile maishani mwangu, na huenda sitapiga tena.

Wale wa handakini, wanaohesabu matundu chini ya shabaha, wakazishusha, wakachelewa kuzipandisha. Mzee Torleif akaongea nao kwa simu, akavua kofia. Shabaha yangu ikapanda nyeupe kama shuka. Hakuna tundu hata moja. Ya Tuva ilikuwa na kumi.

Kanuni yetu ni hii: matundu yakichanganyika na hayajulikani ya nani, mwenye shabaha anahesabiwa matano bora. Tuva alipata arobaini na tisa kwa hamsini. Manne kati ya yale matano, Mzee Torleif alisema akiyatazama yalivyokusanyika, bila shaka ni ya Jorunn.

Jorunn ni mimi. Nilipata sifuri.

Watu walipiga makofi! Wengine walinipigia mimi, jambo lililokuwa baya zaidi. Tuva akanishika bega. "Mwenzangu," akasema, "ukitaka kunipa zawadi si ungeifunga tu kwenye karatasi?" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Hilo nalo liliniudhi.

Nilikwenda kusimama nyuma ya choo. Rangi haijakauka.

Jumapili, 28 Aprili

Bibi alituita sote wawili kula uji wa maziwa ya mgando, wenye sukari na mdalasini. Nilikwenda ili asiseme ninanuna. Nilinuna huko huko.

Baada ya kula alitupeleka uani kupunguza hewa nzito ya karavani. Akafungua mapazia. Akavuta pini chini ya meza, meza ikashuka, akatandika mito juu yake. Kitanda cha tatu! Mwaka jana alikilala yeye mwenyewe ili akijaribu, na usiku wa kwanza meza ikaachia katikati, Bibi akakutwa asubuhi amekunjika kama barua. Hicho ndicho kicheko.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu sana, kwa nini basi alisema ni mmoja tu atakayekwenda.

Akasema alitaka kidogo tu tufanye mazoezi. Alikuwa amekusudia kuniambia Jumatano. "Lakini mjukuu wangu, kila nikikutafuta uko kwenye ndoo."

Kwa hiyo ninakwenda. Nitalala mezani, lakini ninakwenda! Wiki nzima na Bibi. Nililia kidogo, na uji ulikuwa moto. Kisha nikakumbuka choo, na zile ndoo nne, na mgongo, nikakasirika upya.

Jioni Mzee Torleif alituita uwanjani. Bila kuniuliza alikuwa ametoa vipande viwili kwenye namba nne. Nilifumba macho, kabisa, kwa uaminifu. Niliinua, nikafumbua. Shabaha ilikuwa katikati, bila kusogeza hata unywele. Mzee akatabasamu, sikio lake bado na uwekundu. Akasema sasa ni yako, nenda nayo Agosti, usiiguse tena.

Na nilikuwa karibu kukubali. Lakini nikaiona namba mbili mikononi mwa Tuva. Arobaini na tisa kwa hamsini! Imeandikwa ukutani! Bunduki yenye utepe imeishinda ya bingwa wa wilaya, na mimi nisimame tu nikitazama?

Nikamvuta Tuva pembeni. Nikampa namba nne, pamoja na kuosha vyombo vyote vya karavani wiki nzima, anipe namba mbili. Alinitazama. Akaniuliza kama nimesahau ya nani yale manne. Nikasema asibadilishe mada. Akakubali haraka sana, maskini, hajui anachokipoteza.

Mzee Torleif alishika kichwa. Akasema namba mbili sasa ina vipande viwili zaidi, ni ndefu kuliko namba nne ilivyokuwa, na akaamuru jaribio.

Niliinua mpaka begani.

"Inanikaa sawasawa," nikamwambia.

Na nilikuwa nimefumba macho. Karibu yote mawili.