Gia Tatu na Chupa ya Mafuta ya Mama

Leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya kanisa zima, wa bara na wa pwani, wakubwa kwa watoto. Ninyi wa Likoni hamkuweza kuja harusini, lakini habari zitavuka na feri ya kesho asubuhi, basi afadhali mzisikie kwangu kabla hazijatiwa chumvi. (Chumvi yenyewe haina pa kuingia. Imejaa tayari.)

Mwajua dada yangu Kadzo alikuwa aolewe leo. Mwajua pia kwamba tangu Baba alipofariki, wa kumbeba mpaka kanisani na kumkabidhi mbele ya padre ni mimi. Hapa Changamwe kumbeba bibi harusi kwenye keria si mchezo. Baiskeli hupambwa kwa asumini, kengele hulia njia nzima, na anayeendesha hutazamwa karibu kama bwana harusi mwenyewe. Nilikuwa nimeingoja siku hii.

Ndipo Zakaria akapata gia.

Zakaria ni mtu wa bara, kijana wa relini, amepanga chumba ukuta mmoja na sisi. Alikuwa na baiskeli kuukuu kama yangu, tukaelewana vizuri sana. Kisha mzungu wake akarudi Ulaya, akamwachia baiskeli yenye gia tatu. Tatu! Sasa anapanda kilima chetu ameketi, anapiga mluzi, nami nyuma yake nimesimama juu ya pedali natweta kama niliyebeba nazi za shamba zima. Kila jioni nasikia gurudumu lake likipita dirishani, tiki tiki tiki, na chakula hakishuki.

Juma lililopita Kadzo akanijia taratibu.

"Kaka, usinielewe vibaya. Lakini kwa kilima kile, si afadhali nibebwe na Zakaria?"

"Kwani mimi nimekufa?"

"Hujafa. Lakini ukipanda, hutoa sauti kama umekaribia."

Kesho yake nikawa kwa fundi baiskeli. Alikuwa na kitovu cha gurudumu chenye gia, alichokitoa kwenye baiskeli iliyokanyagwa na lori. Gia tatu, kama za Zakaria. (Angekuwa na nne, ningetia nne.) Akanifungia, akanionya: "Hiki kikavu. Kitie mafuta mepesi ya cherehani kwanza."

Mafuta ya cherehani yameadimika tangu wakati wa vita. Lakini Zakaria anayo. Tena jana mchana alikuja mwenyewe na kikopo mkononi, akanikuta uani nimeipindua baiskeli.

"Ndugu Daudi, umeweka gia! Mzuri sana! Kama hauna mafuta, hii iko. Chukua tu."

"Nina yangu," nikasema.

(Sikuwa nayo.)

"Basi ni sawa," akasema, akatabasamu. Ana meno mazuri pia. Mtu mmoja, vyote hivyo vya nini?

Alipoondoka nikaingia ndani, nikachukua chupa ya Mama ya mafuta ya nazi, anayojipaka nywele, nikamimina kitovuni mpaka yakafurika. Mafuta ni mafuta. Nikaijaribu baiskeli mpaka stesheni na kurudi, jua likiwaka. Gia zote zikaingia laini, bila kelele. Nikapita mbele ya dirisha la Zakaria mara nyingi. (Mara moja ingetosha.)

Sasa, ninyi ni watu wa pwani. Mwajua mafuta ya nazi hufanya nini mwezi wa saba, kusi likivuma na mvua ikinyesha usiku kucha. Asubuhi ya leo nilimwona Mama akichokoa chupa ile kwa kijiti, mabaki yameganda meupe kama nta. Nilimwona kwa macho yangu haya. Nikampita, nikaenda kufunga asumini kwenye usukani.

Tukatoka. Kadzo kwenye keria, mwavuli mkononi. Nyuma yetu vijana na baiskeli zao, Zakaria akiwamo, kisha wanawake kwa miguu wakiimba. Shangazi alikuwa amenipa sharti moja: bibi harusi akishatoka mlangoni, mguu wake usiguse tope mpaka kizingiti cha kanisa. Njia ya tambarare nikaenda na gia nzito, kengele juu, nikageuka kumtazama Zakaria. Alikuwa nyuma yangu. Jamaa, raha ile!

Kilima kikaanza. Nikaingiza gia nyepesi.

Miguu ikaenda. Baiskeli haikwenda.

Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Pedali zikazunguka kama feni, gurudumu likasimama. Kisha nalo likazunguka. Kwa nyuma.

"Kaka," akasema Kadzo, "mbona kanisa lakwenda mbali?"

"Tulia, nabadilisha gia!"

Ya pili, hamna. Ya tatu iliyonitoa nyumbani, nayo imegoma. Nikakamata breki, nikashusha miguu, nikazama topeni mpaka vifundoni. Wimbo ukakatika.

Shangazi akafika akihema. "Daudi, wakanyaga ama wacheza?"

"Ni gia, Shangazi. Zimeshikwa na baridi."

Akainama. Akanusa gurudumu. Akanusa tena.

"Enyi wanawake, hebu njooni! Mbona baiskeli hii yanukia wali wa nazi?"

Wakaja kunusa mmoja mmoja, kwa mstari, kama watu waagao maiti. Zamu ya Mama ilipofika, alinusa mara moja tu. Akanitazama.

"Mafuta yangu," akasema.

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Kadzo hakuweza kushuka, kwa sharti lile. Zakaria akaisogeza baiskeli yake ikagusana na yangu. "Samahani, ndugu. Nisaidie mpaka juu tu?" Shangazi na wenzake wakamnyanyua bibi harusi kama godoro, wakamhamisha.

"Toa na maua," Shangazi akaniambia.

Nikayafungua kwa mikono yangu, nikayafunga kwenye usukani wa Zakaria. Tiki tiki tiki, wakapanda. Hakupiga mluzi. Nadhani ilikuwa heshima, na iliniuma zaidi.

Nikafuata nasukuma. Lakini huko juu ibada haikuweza kuanza bila mwenye kumkabidhi bibi harusi, ambaye ni mimi. Punde nikamwona Zakaria anateremka peke yake.

"Ndugu, wanakungoja. Panda."

Nilitafuta njia nyingine. Hapakuwa na njia nyingine. Nikapanda keria ubavu, suruali inachuruza tope, nimekishika kiuno cha Zakaria, asumini zikinukia mbele yetu. Mlangoni wanawake wa upande wa bwana harusi, waliokwisha kumpokea Kadzo, wakaona si vibaya kunipokea na mimi. Vigelegele! Mmoja akavua kanga ya mabegani, akaitandika chini.

"Karibu, bibi harusi wa pili! Usikanyage tope, mwanangu!"

Padre akajifunika uso kwa kitabu chake. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Dada yangu ameolewa, Mungu ashukuriwe. Kwenye karamu Zakaria akaja kuketi kando yangu, akanichagulia nyama nzuri, akasema jua likitoka baiskeli yangu itakwenda vizuri kabisa. Alisema kweli, wala hakuwa na dharau.

Naombeni msinicheke. Zakaria hakunicheka hata kidogo, na tangu mchana natafuta kosa lake, silioni.