Bunduki ya Kila Mtu Alete Chake

Jumatatu, 9 Juni

Salamu kwako daftari. Sijawahi kuandika shajara, barua tu, kwa hiyo naanza ninavyojua. Mimi mzima. Doyle mume wangu mzima, isipokuwa mgongo. Mwanetu Travis mzima huko kwenye visima vya mafuta, ingawa hapigi simu mpaka nimeshamlilia. Mama mkwe mzima na anasema chumvi imezidi. Kuku wazima. Mbwa mzima, hana kazi.

Matikiti ndiyo si mazima. Nguruwe pori wameingia tena. Safu mbili za upande wa kijito zimefukuliwa kama kwa trekta. Matikiti hayo ndiyo tunayouza kando ya barabara sikukuu ya uhuru, Nne ya Julai, na ndiyo yanayolipa umeme wa kiangazi chote. Doyle alitoka na bunduki ya marehemu babu yake, ile inayolia ikipenda. Haikupenda. Alirudi ameshika kiuno. Nikasema basi, huyu ataniachia ujane kwa ajili ya tikiti. Nanunua bunduki ya kisasa, ile ya kuunganisha vipande. Fedha ipo, ya mayai, kwenye kopo la kahawa.

Jumanne, 10 Juni

Dukani kwa Orville. Mtu mwema. Alinieleza kwamba kitako cha bunduki hiyo kinarefuka kwa mrefu na kufupika kwa mfupi, mtutu unabadilishwa, darubini unaweka na kutoa. Akataja bei. Nikaomba kiti. Aliniletea na maji.

Akaendelea kunishauri cha kununua, kwanza hiki, halafu kile, sikushika vizuri kwa sababu wifi yangu Verlene alikuwa ameingia kununua risasi. Yeye bunduki hiyo anayo tayari, yenye darubini inayoona gizani. Aliniuliza kama nimekuja kuomba choo.

Jumatano, 11 Juni

Akili imenijia jikoni kanisani, tukiosha vyombo. Chakula chetu cha Jumatano kila mtu huleta sahani ya chakula alichopika. Hakuna anayepika peke yake, na wote hushiba. Sasa, kitu cha vipande si kinunuliwe vipande vipande? Nguruwe wanatutesa sote. Nikawaambia wenzangu: Oneida, Faye na Bibi Tuttle. Kila mmoja alete kipande kimoja, tuiunganishe Jumapili barazani kwangu, tuitumie kwa zamu. Oneida mrefu kama mlingoti, Bibi Tuttle ananifika kwenye kiwiko. Kitako kitawakubali wote wawili.

Faye akauliza nani alete nini. Nikamwambia, shoga, hapa hatujawahi kumpangia mtu sahani, na hatuanzi leo. Ukimpangia mtu umemwambia mapishi yake mabaya. Bibi Tuttle akaunga mkono. Alisema kuna mwaka aliambiwa alete sahani za karatasi na mpaka leo anakumbuka ni nani aliyemwambia. Nikazidi kusugua sufuria. Aliyemwambia alikuwa mama mkwe wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata changu. Darubini, imepunguzwa bei, ya mwisho. Kopo la kahawa sasa linalia likitikiswa.

Verlene kapiga simu, kumbe habari imemfikia. Alisema, "Wifi, nasikia mnapika bunduki. Nani analeta mlio?" Nikamwambia namwombea. Safu nyingine imekwenda leo.

Jumapili, 15 Juni

Walikuja baada ya ibada, vifurushi vimefunikwa vitambaa kama vyakula. Tukafunua kwa pamoja.

Oneida, darubini. Faye, darubini, ndogo kidogo. Mimi, darubini. Bibi Tuttle, mkanda wa begani aliousuka mwenyewe kwa sufu ya waridi, pamoja na bakuli la saladi ya viazi, maana hajazoea kuja mikono mitupu.

Doyle alitoka ndani, akatazama meza muda mrefu. Alisema nguruwe wakija tutawaona vizuri sana. Akaomba saladi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempelekea Orville vyote. Akavipanga kwenye kaunta, akaniuliza bunduki iko wapi. Nikamwonyesha. Akasema hapana, mama, akanitolea kipande cha katikati chenye namba. Kumbe hicho ndicho serikali inachokiita bunduki. Lazima mtu asimame pale na kitambulisho, ajaze fomu. Vingine vyote ni vya kupachika juu yake. Na chenyewe bei yake ni chini ya darubini yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia Jumanne, ndicho kilikuwa cha kwanza katika ushauri wake. Darubini iliyouzwa kwa punguzo hairudishwi, na kopo halina tena cha kununulia kipande hicho.

Jumatano, 18 Juni

Alfajiri walikuja. Mimi na Doyle tukawatazama kutoka dirishani, kila mtu na darubini yake. Jike kubwa lina kovu sikioni. Wanakula kwa utaratibu, watoto kwanza. Nililia.

Mara gari la Verlene likaingia shambani, taa zimezimwa. Hakuna aliyemwita, labda Doyle. Milio minne. Jike lile likaanguka na madume mawili, wengine wakakimbilia kijitoni. Nusu ya matikiti imepona.

Alikuja mlangoni na matope mpaka magotini. Nilijua atanicheka. Akasema tu, "Wifi, ungeniomba," na akanywa kahawa yangu vikombe vitatu. Nimemwahidi atakuwa wa kwanza kuchagua tikiti. Nilimshukuru kwa dhati, hata nikamwonyesha ule mkanda. Hapo ndipo alipocheka.

Ila amesema waliokimbia watarudi, na yeye wiki ijayo yuko kwa binti yake. Anasema tuweke mtego: uzio wa vyuma, mlango wa kuanguka, waya wa kufyatua, na mahindi ya chambo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimelala nikiuwaza mtego. Una vipande vingi kuliko bunduki. Nimeshawatumia wenzangu ujumbe. Faye kauliza tena nani alete nini, na sijui mwanamke huyu atajifunza lini. Nimeandika hivi:

"Wapenzi, hamjambo nyote na wa nyumbani. Safari hii ni mtego. Kila mtu alete kipande chake Jumapili, kile moyo wake utakachomtuma. Mimi nimeshanunua mahindi. Nijibuni upesi, nguruwe hawangoji."