Palahala Arobaini na Mmoja wa Kinango

Idara yetu ya Kwato na Anga inautangazia umma kwamba mafunzo ya wanabiolojia kuhesabu wanyama kutoka angani yamefaulu kwa asilimia mia moja na nne. Aliyeyabuni ni mimi, Abdulwahab, Naibu Mkurugenzi. Wenye wivu wajinyonge.

Wanafunzi sita walipaa kwa ndege kutoka Ukunda. Wawili walitapika, wanne wakahesabu. Karibu na Kinango waliona palahala arobaini na mmoja, swala adimu ambao huko hawajapata kuonekana. Nikatuma ripoti Nairobi kabla ndege haijatua, na nikatoa amri: atakayewaswaga wanyamapori hao atashtakiwa.

Siku ya pili akaja ofisini kwangu Kinango mfugaji mmoja, Mama Kanze, amejaa vumbi hadi magotini.

"Mheshimiwa, wale ni ng'ombe wangu. Askari wako wamenizuia kuwapeleka bwawani. Tangu jana hawajanywa."

"Umewahi kuwatazama kutoka juu, mama?"

"La. Nimewazalisha kwa mikono hii."

"Basi utaalamu wako ni wa upande mmoja."

Mwanafunzi wetu Faith, mtoto wa Nairobi, akadakia: "Lakini boss, mmoja alikuwa na kengele."

Nikamwandikia barua ya onyo. Mama wa watu nilimwonea huruma, wallahi, lakini takwimu ikishatoka angani haishuki.

"Kwa hivyo ni wa serikali?" akauliza Kanze.

"Wote."

"Na kiu yao?"

"Ya serikali pia."

"Niandikie, baba."

Nikamwandikia, nikagonga muhuri.

Kulipokucha nilimkuta langoni, anatembea mbele bila fimbo. "Njoo, Madoa. Njoo, Kashata." Arobaini na mmoja wanamfuata.

"Umewaswaga!"

"Nimewaita tu, mheshimiwa. Wanajua majina yao."

Wakalivamia tangi la ofisi, maji yangu ya kuoga na ya bustani. Nikawapigia kelele askari wawafukuze. Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Kumswaga mnyamapori ni kosa, mkuu," akasema sajini Mwinga, uso mkavu.

Nikaandika upesi ripoti mpya kwamba ni ng'ombe, ng'ombe watupu, nikaituma Nairobi. Kanze akaisoma polepole nakala niliyompa, akaikunja, akakaa kivulini. Hakuwa na haraka. Ndama mmoja alikuwa mfupi, hafiki tangini.

Ndoo yake niliishika mimi.