Mwanamuziki wa Kizungu Aliyemjua Nyamizi

Leo nimeaibika, jamani. Tena kwenye maiki, mbele ya banda zima la video.

Kazi yangu mnaijua. Mkanda unawekwa, Wazungu wanaongea, mimi naeleza kwa Kiswahili. Kiingereza sikijui sana (sikijui kabisa, ila msimwambie Mzee Shija, mwenye banda). Mimi natafsiri nyuso. Mtu akikunja ndita, kakasirika. Akitoa machozi, kafiwa. Hapa mtaani Kashaulili, Mpanda, hajatokea mtu wa kulalamika.

Mchana Mzee Shija kaleta mkanda mpya, hauna hata kasha. "Ni maisha ya mwanamuziki," akasema. "Leo nataka watu walie."

Na mimi nilikuwa mpiga gitaa, kabla bendi yetu haijasambaratika, na kabla Nyamizi hajapanda treni kwenda Tabora. Sikumwambia abaki. Nilisimama stesheni na begi lake mkononi, nikasema, "Haya, wasalimie huko." (Ndiyo. Mtunzi wa nyimbo za mapenzi, maneno niliyopata ni hayo.) Tangu siku ile honi ya treni ikilia, namkumbuka mpaka chakula hakipiti.

Basi nawasha maiki, pazia la mlangoni linafunuliwa, nani anaingia? Nyamizi. Kaja kumsalimia mama yake. Kakaa benchi la mbele, kanenepa vizuri, kanipungia mkono.

Akili ikahama hapohapo. Kwenye skrini Mzungu kashika gitaa, anatazama dirishani. Nikaeleza: "Anasema, tangu uondoke sijaimba. Gitaa limening'inia ukutani kama nyama iliyokosa mnunuzi." Akina mama wakaanza kujifuta macho. Nikakolea.

Mambo ya ajabu yalikuwepo, sikatai. Mzungu alioga na kofia. Alimlilia mbuzi. Alipopewa tuzo, alimkumbatia mke wa mtu na mke wake anaona. Watu wakaanza kucheka, nikawakemea: "Mnacheka nini nyie? Mtu ana majonzi." Wakanyamaza. Nyamizi alikuwa kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatetemeka. Nikajua analia. Nikajisemea, leo ndiyo leo.

Mzungu akapiga magoti jukwaani. Nikafumba macho.

"Anasema, siku ile stesheni maneno nilikuwa nayo, yakanikwama. Rudi, Nyamizi. Bado nakupenda."

Inasikika jenereta tu. Kisha mzee mmoja Mrundi wa Katumba, aliyekaa nyuma kabisa, akauliza kwa upole, "Samahani, mkalimani. Huyo Muzungu, Nyamizi amemujulia wapi?"

Nikafumbua macho. Kumbe Mzungu kanasa kichwa ndani ya ngoma, wenzake wanamvuta miguu. Banda lote likaangua kicheko. Mzee Shija alishika nguzo asianguke.

Nyamizi akasimama, machozi yanamtiririka. Ya kucheka. "Masanja, mkanda huu nimeshauona Tabora. Ni wa vichekesho. Wanawadhihaki wale wanamuziki wa kwenye filamu wanaojililia toka mwanzo mpaka mwisho."

"Sikujua," nikasema. Kwenye maiki. (Sikukumbuka kuizima.)

"Najua." Akajifunga kanga yake upya. Hakuwa anacheka tena. "Treni yangu ni keshokutwa. Lile gitaa bado unalo?"

"Lipo. Halina nyuzi."

"Basi litie nyuzi. Maneno yako nimechoka kuyasikia kwa Wazungu." Akatoka zake.

Sasa niko nyumbani, gitaa nimelishusha ukutani, nalifuta vumbi. Nyuzi hapa Mpanda hazipatikani, mnajua wenyewe, ila waya wa breki ya baiskeli ukifumuliwa unafaa. Mwenye nao aniletee kabla ya keshokutwa. Akishaniletea, acheke anavyotaka.