Kushoto Inashika

Jumatatu, 3 Machi

Kwako daftari. Salamu nyingi kama mchanga. Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali, ingawa uko hapa chini ya godoro. Mimi sijambo. Baba watoto hajambo, ila hali chakula vizuri. Mama mkwe hajambo, goti tu linamsumbua, ulimi mzima. Binti mkubwa hajambo. Mapacha hawajambo, mmoja ana mafua na mwenzake anayasubiri. Shemeji hajambo, kwa bahati mbaya. Kuku wetu mmoja hajambo.

Lori ndilo lenye jambo.

Linavuta kushoto. Ukilegeza usukani kidogo tu, linakwenda mtaroni kama mbuzi aliyeona majani. Leo limempeleka baba watoto mpaka kwenye ua wa mtu, na matofali yote nyuma. Mwenye ua katoka na mswaki mdomoni. Baba watoto kasema barabara imelala upande. Barabara! Kila siku barabara!

Jioni mama mkwe kakaa kitako akatoa hukumu. Lori aliliacha marehemu mumewe, na neno ni lake. Jumamosi atapanda mwenyewe mpaka njia panda na kurudi. Lisiponyooka, funguo anampa shemeji. Shemeji akasema yeye lori atalitazama kwa jicho la huruma. Namjua huyo. Atalikatakata lote liwe vyuma chakavu.

Baba watoto tangu ujana wake hajui kazi nyingine ila usukani ule. Kala matonge mawili akanawa. Kisha akakaa akiutazama ukuta.

Ukuta hauna kitu, nimeuangalia na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Mama mkwe akipanda lori hukaa kushoto. Na mama mkwe, Mungu amzidishie, si mwepesi. Miaka yote ile! Lori limezoea kulemea huko. Basi dawa ni uzito.

Baba watoto alipokwenda kuoga nimepakia matofali arobaini, yote upande wa kulia. Kiuno si changu tena. Binti mkubwa akauliza mama unajenga nini. Nikamwambia najenga ndoa.

Limeondoka limeinama kulia kama mlevi aliyeegemea nguzo. Na bado linavuta kushoto! Sasa linainama huku, linakwenda kule. Watoto wa jirani wamelipigia makofi. Baba watoto karudi na shingo imekakamaa, akauliza nani kapanga matofali yale. Nikasema labda yameteleza. Yote arobaini, akasema, yameteleza yakajipanga mistari? Zamani angecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona tumwone fundi. Tunamwita Fundi Kimya, maana neno kulitoa kwake ni kama kung'oa jino. Hawasemeshani na baba watoto tangu alipomwambia lori hili si la kutengeneza, ni la kuzika. Kwa hiyo mjumbe mimi.

Baba watoto kalizungusha mtaa mzima, akalisimamisha mbele ya gereji, akabaki humo ndani akitazama mbele kama abiria. Fundi akagusa gurudumu la mbele la kulia. Akaacha mkono hapo. Akagusa la kushoto, akaruka! Akapuliza kiganja. Akanitazama, akasema: Kushoto inashika.

Nikauliza, breki? Akaitikia kwa kichwa. Akafungua mdomo aongeze, simu ikaita. Mkwewe kazidiwa. Akaondoka mbio na grisi mikononi.

Inashika! Nashukuru Mungu. Breki inayoshika ni breki nzima, hata mtoto anajua. Kumbe mgonjwa ni wa kulia! Wa kushoto anashika peke yake, mwenzake kalala, lazima livute. Nikampelekea baba watoto habari: kushoto haina neno, kulia ndiyo haishiki. Akafikiri. Akasema, mke wangu, hilo limeingia akilini. Sijaambiwa hivyo tangu tuoane.

Akaingia chini na spana, akakaza ile nati ya breki iliyo nyuma ya gurudumu la kulia. Nami nimechuchumaa pembeni na kopo la grisi, namwambia kaza, baba. Kaza tena. Mpaka ishike kama mwenzake.

Jumamosi, 8 Machi

Limenyooka! Mama mkwe kapanda na nguo yake ya kutokea. Mimi na binti mkubwa nyuma. Shemeji kafuata na baiskeli, uso wa mtu anayesindikiza jeneza. Baba watoto akaachia usukani, mikono juu. Kama rula! Mama mkwe akasema hata marehemu hakuwahi kuliendesha hivi. Nikalia huko nyuma, machozi na vumbi.

Ila lilikuwa zito. Shemeji na baiskeli yake alitupita. Akarudi. Akatupita tena, anapiga mluzi. Pakawa na harufu ya kuungua, mama mkwe akauliza nani kaacha sufuria motoni. Kwenye mteremko baba watoto alikuwa anakanyaga mafuta ndipo tushuke. Nikajisemea, hizo sasa ndizo breki!

Njia panda ukatoka moshi, magurudumu yote mawili ya mbele. Likasimama. Halikusogea tena. Watu wakamiminika kutoka madukani. Kinyozi akaja na mteja wake, kichwa nusu, akauliza kama tunapika, sahani alete ngapi.

Fundi Kimya akatokea, ndiyo kwanza anarudi safari. Akalala chini, akachungulia, akainuka. Akasema maneno ya mwaka mzima: Mama, mimi nilisema inashika. Inashika bila kukanyagwa! Haitaki kuachana na gurudumu. Ndiyo maana linavuta. Sasa nani kaifundisha na hii ya pili?

Baba watoto akanitazama. Angenigombeza ningepona.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kashinda hapa. Yeye na baba watoto wamesemeshana, maneno machache, lakini ni maneno. Wamefungua magurudumu, wamesugua kutu, wamepaka grisi. Mama mkwe kakubali kupanda mara moja tu, kesho saa tatu. Ya mwisho. Shemeji keshakuja kulipima lori kwa futi, urefu na upana, tukimwona.

Nimeomba radhi. Baba watoto kasema yameisha, ni neno tu lilipotea njia. Nimejifunza, daftari. Neno la fundi halichukuliwi juujuu. Unauliza mpaka uelewe.

Jioni fundi alipokuwa ananawa nikamuuliza breki zikoje. Akatabasamu, mara ya kwanza namwona meno. Akasema: Zimeachia.

Jumatatu, 10 Machi

Zimeachia! Breki! Na anatabasamu! Nilitaka kwenda kumuuliza, nikaona haya, nimemsumbua vya kutosha. Na tena cha kuuliza kipo? Kitu kilichoachia kimeachia.

Baba watoto kalala fofofo, usingizi wa kwanza wiki nzima. Nikamtazama. Baba wa wanangu, ashuke mteremko ule na mama yake mzazi, kwenye lori lililoachia? Na nikimwambia, atakata tamaa, ataurudia ukuta.

Kulipopambazuka nimeingia chini mwenyewe. Spana ile ile, nati naijua. Kushoto nimekaza mpaka mkono umekufa ganzi. Imeshika! Ya kulia sikuwahi, mama mkwe katoka kunawa uso, nikajifanya natafuta yai. Si neno. Upande mmoja ukishika, watu wanapona.

Sasa wanapanda. Shemeji kaegemea baiskeli yake. Baba watoto ananipungia mkono, anacheka, meno yote nje. Nimemkumbuka mtu huyu.

Sina zaidi. Daftari, ukisikia habari zao kabla yangu, tafadhali niletee jibu upesi.