Ulanzi wa Karani Enoki

Jumatatu, 8 Machi 1954
Insha mpya chuoni! Mwalimu Nahumu anataka tueleze jinsi mashine za kigeni zinavyobadili mila zetu. Mshindi ataisoma Jumamosi huko Makambako, mbele ya wazazi. Makambako! Kwa akina Tabea! Nikisoma mimi, baba yake ataninyimaje binti? Adui ni mmoja tu: Dionis wa Uwemba, mwenye mwandiko kama wa kuchapwa. Wangu hata kuku angeukana.

Jumanne, 9 Machi
Dawa imepatikana. Yangu itapigwa taipu! Enoki, karani wa chuo, kasema haiwezekani, taipu ni mali ya Serikali. Halafu kauliza kama ulanzi wa Kichiwa, ile pombe ya mianzi, bado ni mtamu. Nimemwelewa. Mkono mtupu haulambwi.

Jumatano, 10 Machi
Nimetoka Kichiwa na chupa ya ulanzi wa asubuhi ileile. Mimi Mlutheri safi, sinywi, nabeba tu. Mzee Abrahamu, mgema, kanionya nisiizibe, ulanzi mbichi lazima upumue. Wazee bwana! Nipite mbele ya Mwalimu na harufu ile? Kizibo nimekigongomea kwa jiwe. Enoki kaiweka nyuma ya taipu, tufungue kesho kazi ikiisha. Insha yenyewe sijaandika. Taipu itanisaidia.

Alhamisi, 11 Machi
Balaa! Nimepiga kichwa cha habari tu, bado naitafuta herufi M, chupa ikalipuka. Enoki kajitupa chini ya meza, anamwita mama yake kwa Kibena. Ulanzi mpaka darini! Herufi zimegandana. Nyuki wakaingia. Mwalimu Nahumu naye akaingia. Dionis nyuma yake, anachungulia, anatabasamu. Mshenzi!

Jumamosi, 13 Machi
Makambako. Dionis kashinda. Insha yake: jinsi ulanzi ulivyoishinda taipu. Nimo ndani, jina na ukoo! Wazazi wamecheka mpaka machozi, Tabea pia. Mimi nimeletwa kubeba viti. Baba yake kaniita, kauliza kama ndiye mimi wa chupa. Nikasema ndiyo, mzee. Kasema hamwozi binti yake kwa Mbena asiyejua hata ulanzi. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 14 Machi
Nimetafakari kanisani wakati wa mahubiri. Kosa ni la chupa, ilikuwa nyembamba mno. Mzee anataka mkwe anayejua ulanzi? Ataupata! Kesho nampelekea debe zima kwa lori. Lukas fundi bati kakubali kuziba mfuniko kwa risasi ya kulehemu, usipite hata upepo.