Jina Langu kwenye Orodha ya Mama Glenna

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Magoti yananiuma yote mawili. Pikapu imegoma kuwaka mpaka niliposhuka nikaisema vibaya.

Wiki ya mwisho ya kazi hii ya kudodosa watu waliopata nyumba kwa mkopo wa serikali. Unaipenda nyumba yako? Paa linavuja? Zamani uliishi wapi? Kazi gani hii kwa mtu aliyezeekea mgodini! Lakini mgodi umefungwa, simu yetu imekatwa, na shemeji Wendell kila Jumapili anatuma salamu kupitia kanisani kwamba kule Ohio kiwanda kinaajiri, na lori la kutuhamisha analo. Sitaki Ohio. Oleta hataki hata kulisikia.

Dawa ipo moja. Bwana Pruitt, mkubwa wetu kutoka mjini, amesema Ijumaa atamchukua mmoja aendelee na kazi hii majira yote ya baridi. Wa kwanza kumaliza orodha yake. Tuko wawili tu: mimi na Mama Glenna Sizemore, aliyekuwa mpishi wa shule yetu. Amenilisha maharage tangu nina meno ya utoto. Sasa anataka kunitoa tonge mdomoni.

Mchana nimechungulia orodha yake pale ofisini. Amebakiza jina moja. Arvil Stamper. Mimi! Nilisahau kabisa kwamba nasi tuko kwenye nyumba ya mkopo. Wamepiga kura kupata majina, kura ikaniangukia.

Basi mambo yamejipa. Asiponipata mpaka Ijumaa, hajamaliza. Kuna mtu mwenye akili humu bondeni, na ni mimi.

Jioni nimemwambia Oleta nisisikie jina la Glenna humu ndani wiki nzima. Akafungua mdomo. Nikainua mkono. Akaufunga, akarudi kwenye maharage yake.

Jumanne, 6 Oktoba

Siku ya kutukanwa na mbwa.

Kwa Hobert Fugate nimesimama getini nikapiga kelele kama kawaida, maana huku ukipanda baraza la mtu kimya kimya utashuka na risasi. Pazia likatikisika. Sauti nene ikajibu kwamba hayupo. Nikauliza nani hayupo. Ikasema Hobert. Ilikuwa sauti ya Hobert! Nikamwambia basi akirudi ajisalimie. Akasema atajifikishia.

Kwa kina Combs nimemkuta Verla barazani, anamenya matufaa, mchangamfu, tayari ameshanivutia kiti. Nikasema nitarudi mzee akiwepo. Akasema mzee anaendesha lori, harudi mpaka mwisho wa mwezi, na isitoshe hilo paa ninalotaka kuuliza kama linavuja amelipigilia yeye mwenyewe na mimba ya miezi sita, huyo mzee akimshikia ngazi. Nikasema hata hivyo, mwenye nyumba ndiye anayejibu. Ndivyo nilivyoelewa kwenye mafunzo, ingawa baada ya chakula cha mchana nilisinzia kidogo. Verla akachukua kiti chake, akaingia, akabamiza mlango. Wanawake wa siku hizi hawana subira. Hii ni nyumba ya ngapi wiki hii ambayo mzee hayupo! Ndiyo maana orodha yangu haiishi.

Jioni, gari la Glenna. Nikajibanza nyuma ya pazia la jikoni. Akaita. Nikajibu kwa sauti nyembamba kwamba hayupo.

 Kisha akasema, "Arvil mwanangu, kifua hicho. Chemsha tangawizi."

Akaondoka. Mbwa wetu Gavana hakubweka hata mara moja. Nimemchunguza mdomo. Unanuka nyama ya nguruwe. Msaliti.

Jumatano, 7 Oktoba

Leo nimejipanga kama mtu mzima. Pikapu nimeificha nyuma ya kanisa, nikatembea kwa miguu. Viatu vimeingia maji. Nyumba tatu, watu hawapo. Mbili kati ya hizo zinapika, moshi nauona. Ningekuwa na nguvu ningekasirika.

Jioni Glenna akaja tena. Nilikuwa kwenye banda la kuku. Kuku mmoja hakufurahi. Nimesikia Glenna na Oleta barazani wakiongea muda mrefu, wakicheka mara moja, halafu wasicheke tena. Nimekaa humo mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilipoingia Oleta akaanza, Glenna anasema. Nikaziba masikio nikaimba wimbo wa kanisani. Beti zote. Oleta akasubiri, amekunja mikono. Nilipopaliwa akapata nafasi. Akasema Glenna hataki kuniuliza swali lolote, anataka nifike ofisini kesho kabla ya saa sita mchana, nimwone Bwana Pruitt, hakusema kwa nini, lakini macho yake hayakuwa ya mtu anayetania.

Loo, mtego! Peupe kabisa! Nifike ofisini ili anikamate mbele ya mkubwa, anikalishe kwenye kiti, anidodose. Nikamwambia Oleta hanijui mimi. Akasema shida yake hasa ni kwamba ananijua. Akasema kama mimi nimechoka, yeye amechoka zaidi, na akaenda kulala bila kunipakulia. Nimekula mkate wa mahindi wa jana. Mgumu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimetoweka kabla hakujakucha. Nimepanda mlimani hadi kwenye kiti changu cha kuwindia, juu ya mwaloni, nikaketi na baridi yangu.

Kule juu bonde lote liko mkononi. Nyumba yetu inaonekana vizuri, ndogo, bati la kijani. Nimekumbuka siku tuliyohamia. Kwao Oleta maji yalikuwa ya kuchota kisimani. Siku ile alijaza hodhi la kuogea mpaka juu, akamwita mama yake aje aone maji ya moto yanavyotoka ukutani. Wakasimama wote wawili mlangoni mwa bafu wakiyatazama, hakuna aliyeoga. Mama mtu akalia. Mimi pia nililia kidogo, lakini nilikuwa nje na kuni, hakuna aliyeniona.

Naipenda ile nyumba. Basi.

Asubuhi yote gari la Glenna limesimama getini kwetu likipiga honi. Ndefu. Halafu kimya. Halafu ndefu tena. Gavana akizunguka mkia juu. Glenna akashuka akaita jina langu huku na huku, akiweka mikono mdomoni, mpaka bonde likawa linamrudishia. Arvil! Arvil! Saa sita ilipopita akaingia garini, akakaa tu bila kuwasha. Mama wa watu, nikamwonea huruma. Kisha akaondoka.

Nimeshinda! Nimecheka peke yangu juu ya mti. Wakati wa kushuka nimekanyaga tawi lisilokuwepo. Goti la kushoto sasa linatoa sauti.

Nimebakiza nyumba saba. Haidhuru. Naye hajamaliza, na mimi ndiye kijana kati yetu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimevaa koti la mazishi. Nimefika ofisini nikichechemea, nimetabasamu kuanzia mlangoni.

Bwana Pruitt akasema Mama Glenna alimaliza orodha yake Jumatatu.

Nikasema haiwezekani, mimi hakuna aliyenihoji! Akanitazama kama mtu anayehesabu moyoni. Akasema yeyote aliyetia saini mkopo anaweza kujibu, mume au mke, hilo tulifundishwa siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana. Oleta alijibu Jumatatu mchana, mezani jikoni kwetu, wakati mimi niko hapa ofisini nachungulia.

Nikakaa. Hakuna aliyenikaribisha, nimekaa tu.

Halafu akamalizia. Kwamba Mama Glenna kazi ya majira ya baridi ameikataa. Mume wake Estil kifua kimejaa vumbi la makaa, hawezi tena kuachwa peke yake. Alimwomba Bwana Pruitt nafasi apewe Arvil, ana mke na nyumba, na si mtu mbaya. Bwana Pruitt akakubali, mradi nifike kutia saini kabla ya Alhamisi saa sita, kwa sababu majina yalikuwa yanaondoka kwenda mjini. Glenna hakutaka kumpa Oleta matumaini kabla mimi sijatia saini. Alitaka kuniambia mwenyewe. Alikuja mara tatu.

Kazi imekwenda kwa binti fulani wa wilaya ya jirani. Ana miguu mizuri, nadhani.

Mama Glenna alikuwa amekaa pale pembeni, hakunicheka. Afadhali angenicheka. Akasema tu, "Mwanangu, ungefungua mlango." Akanifungia kipande cha pai ya matufaa kwenye karatasi, kama vile bado niko darasa la pili na nimesahau chakula.

Nimemwambia Oleta. Hakupiga kelele. Aliketi, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Nikamwuliza alijibu nini kwenye yale maswali. Akasema ni siri, hata mimi najua ni siri. Baadaye sana, akiwa amenipa mgongo, akasema kuna swali moja waliuliza: ni jambo gani lingeweza kumfanya aiache nyumba hii. Akasema aliwajibu hakuna.

Jumapili, 11 Oktoba

Wendell amepata salamu za Oleta kwamba kazi nimeikosa. Anakuja leo baada ya ibada, na lori. Oleta anafunga sahani kwenye magazeti tangu jana. Hajasema neno ila kuomba kamba.

Siku mbili sijalala, nawaza nilikosea wapi. Nimelirudia jambo lote, hatua kwa hatua, kwa haki, bila kujipendelea. Sasa nimepata jibu.

Pazia. Lilikuwa jembamba mno. Glenna aliniona kivuli, ndiyo maana hakukata tamaa akarudi kila siku. Angeamini kweli sipo, angeacha ujumbe kwa Oleta waziwazi, na leo ningekuwa na kazi. Kosa dogo kabisa, la kitambaa.

Basi nimepigilia blanketi la jeshi kwenye dirisha la bafu. Mara mbili. Pikapu iko nyuma ya kanisa. Gavana nimempa mfupa mkubwa, atanyamaza. Mtu asiyekuwepo hawezi kuhamishwa Ohio, hilo hata Wendell ataliona, naye hawezi kuliacha lori barabarani siku nzima. Naandika haya ndani ya hodhi, kwa tochi.

Lori hilo. Honi. Gavana anapiga mkia ukutani, nausikia.

Wendell anaita. Nimejibu kwa sauti nyembamba kwamba hayupo.

Ameuliza barazani shemeji ana mafua? Oleta amemwambia hapana. Amemwambia aanze na kitanda, kisha meza, na kilichomo bafuni kiachwe, kitatoka chenyewe kikisikia njaa.

Hanijui huyu mwanamke. Nina kipande cha pai.